Kumi na Nane

Wiki yangu ya tatu wodini, Kongwa,
upepo wa Julai ukisukuma madirisha
kama mgeni asiyejua kupiga hodi,
niliandika kumi na nane.
Kitanda cha kwanza, kumi na nane.
Cha pili, kumi na nane.
Cha saba, yule kijana aliyeanguka na bodaboda,
kumi na nane, tena kwa mwandiko mzuri.

Saa ninayo, ina mshale wa sekunde.
Baba aliuza mbuzi wawili ili niipate,
pamoja na viatu vyeupe na daftari gumu.
Lakini vitanda ni ishirini na vinne,
na kifua cha mtu, nilidhani,
hakina haraka ya kusomwa.

Mwalimu Perusi Chidawali akapitia chati,
akanyamaza kwa muda wa kumenya chungwa.
Kisha: "Wodi yako inapumua kwa pamoja, kama kwaya.
Nani anawaimbisha?"

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.
Akanipeleka kwenye ndoo yenye koki,
maana maji ya bomba yalikatika tangu juzi.
"Anza hapa. Kila jambo letu linaanzia hapa."
Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole,
gumba, ambalo kila mtu hulisahau,
kucha, kisha kifundo.
"Maji machache yanatosha
mikono isiyo na haraka."

Kitanda cha kumi na moja, Mzee Mika Nhembo,
mkulima wa alizeti kutoka Hogoro.
"Mbukwa," mwalimu akamwamkia, akangoja.
Alingoja mpaka salamu ikarudi,
ndipo akaomba: huyu mwanafunzi akushike mkono?
Akavuta pazia.
Mtu hafunuliwi kama sufuria.

"Vidole viwili au vitatu. Si gumba.
Gumba lina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe.
Hesabu moyo, dakika nzima.
Ukimaliza, usiachie.
Shika vilevile, kama bado unahesabu,
macho yahamie kifuani.
Mtu akijua unahesabu pumzi zake
ataanza kuzipanga,
kama mtoto anayepigwa picha."

Nikashika. Kiganja kigumu kama mpini,
na joto ambalo jua la Hogoro halikulitia.
Shuka likapanda, likashuka.
Moja.
Likapanda, likashuka.
Kumi na nane ikafika, ikapita,
na mshale ulikuwa nusu ya safari.
Ishirini na tano. Mbavu zinavutwa ndani.
Thelathini. Pua zimetanuka.
Thelathini na nne.

Juzi nilimwandikia kumi na nane.
Jana nilimwandikia kumi na nane.

Tukamwinua, mito miwili mgongoni.
Mwalimu akamwita daktari kwa sauti ya kawaida,
miguu yake ndiyo iliyokimbia.
Mtungi wa oksijeni ukaja ukilia sakafuni.
Mzee akataka kusema; nikainama.
"Dirisha..." akavuta pumzi. "Lile... linagonga."
Nikakunja karatasi, nikalizibia.
Ndiyo dawa pekee niliyomtolea siku ile.

Jioni tulikaa mezani, mimi na chati.
Nikaulizia kifutio.
"Hapa kosa halifutwi," akasema.
"Linachorwa mstari mmoja, libaki likisomeka.
Pembeni jina lako, tarehe, saa."
"Na juu yake niandike ngapi?"
"Zilikuwa ngapi?"

Upepo ulikuwa umetulia. Nilisikia wodi nzima,
huyu anakoroma, yule anakohoa,
kila mmoja na mwendo wake.
"Sijui," nikasema.
"Basi andika hivyo."

Haikuhesabiwa. Haikuhesabiwa.
Siku mbili, vitanda ishirini na vinne,
mara arobaini na nane.
Kufika ya thelathini mwandiko ulishaharibika.

Nikanawa. Nikarudi nyuma ya pazia,
nikaomba mkono.
Kumi na moja, saa tatu usiku:
ishirini na sita.